Mkono Uliopanda Tena Ukutani: Wasifu wa Mama Brashi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, leo tunamsindikiza mke, mama, bibi na dada yetu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina lingine ila Mama Brashi. Familia imempa mdogo wake wa kike, huyu aliyesimama mbele yenu, kazi ya kusoma habari za maisha yake, kwa sharti kwamba asianze kulia kabla ya kufika kwenye ndoa. Atajitahidi.

Mama Brashi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi wa mabehewa na mama mshona magodoro. Tangu utotoni hakuogopa urefu. Alipopotea, mama hakuhangaika kuchungulia uvunguni. Alitoka nje, akatazama juu ya paa, na hapo ndipo alipomkuta ameketi, miguu inaning'inia, akitafuna kitu alichoiba jikoni.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1971. Hesabu ilimpiga chenga kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza mno. Mwalimu mkuu alizoea kumtoa darasani kwenda kuandika ubao wa matangazo, jambo lililomfurahisha yeye na kumuudhi mwalimu wa hesabu. Mwaka uliofuata mjomba, aliyekuwa mchora mabango, alimchukua kumfundisha kazi. Wapo waliosema mtoto wa kike kwenye ngazi ni aibu. Mjomba akawajibu kwamba aibu ni herufi zilizopinda.

Mwaka mzima aliosha brashi za watu na kusugua kuta kwa msasa. Bango lake la kwanza lilikuwa la bucha. Alimchora ng'ombe, akamnenepesha kwa mapenzi yake yote, hata wateja wakawa wanamuuliza mwenye bucha nyama ya huyo wa ukutani inauzwa lini. Baada ya hapo kazi haikukatika. Aliandika maduka ya dawa, saluni, gereji, shule na milango ya mawakili. Hakuvuta kamba kunyoosha mstari. Alisimama, akaukodolea ukuta macho, kisha mkono wa kulia ukaenda wenyewe. Mkono huo ndio uliokuwa shamba lake, na ndio uliotulisha wengi wetu tulioketi hapa.

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi wa kupaka rangi nyumba. Walikutana kwenye ukuta mmoja: yeye amekuja kuandika, bwana ndiyo kwanza amemaliza kupaka, na rangi mbichi haiandikiwi. Ikabidi wangoje. Shemeji, ndiye bwana huyo, husema rangi ile ilichelewa sana kukauka. Marehemu alisema ilikauka mapema tu, ila kuna mtu alikuwa hajamaliza maneno. Mungu aliwajalia watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, na nyumba ambayo haikuwahi kukosa harufu ya tina ya kuyeyushia rangi.

Sasa tufike kwenye ule mwaka. Mwezi Mei 2009, akioga, alikuta uvimbe kwenye titi la kulia, mgumu kama kokwa. Alimwita mdogo wake chumbani.

"Hebu gusa hapa," alimwambia. "Uniambie nimezeeka au naumwa."

Mdogo wake aligusa, wakaenda hospitali. Vipimo vilipotoka, daktari wa upasuaji hakuzunguka mbuyu. Ilikuwa saratani, na titi lote lilipaswa kuondolewa, pamoja na tezi za kwapani.

"Na mkono je?" aliuliza dada.

"Mkono utabaki, mama. Ila kwapa litakaza, bega litagoma. Utaufundisha upya."

"Utafika juu?"

"Ukiufundisha. Wengine hufika, wengine hawafiki. Siwezi kukudanganya."

Dada yetu aliogopa. Tuseme wazi, kwa sababu siku hizi watu wanapenda kusema hakuogopa kitu. Aliogopa kufa, lakini zaidi aliogopa kubaki hai na mkono usiofika juu, akipita mtaani na kuona kuta zake zikiandikwa na wengine.

Alipokwisha kuogopa alijiandaa, na alijiandaa kifundi. Alimaliza kazi zote alizokuwa ameahidi. Sufuria na vikombe alivishusha kutoka rafu za juu mpaka usawa wa kiuno, majirani wakadhani anahama. Shemeji alishusha kamba ya kuanikia nguo. Binti mkubwa alitafuta blauzi za vifungo vya mbele, maana aliambiwa za kuvaa kupitia kichwani zitakuwa adui. Alijizoeza kulala chali, mto chini ya mkono, akilalamika kwamba analala kama maiti mwenye madaraka. Asubuhi ya kwenda kulazwa alijitazama kwenye kioo, akalishika titi lake, akaliaga mbele ya mdogo wake: "Watoto watatu umewanyonyesha, asante. Sasa umeanza ukorofi. Tuachane kwa wema."

Alipasuliwa tarehe 17 Agosti 2009. Alirudi nyumbani akiwa na mrija ubavuni, na kichupa cha kukusanyia maji ya kidonda, ambacho alikiita mpangaji kwa kuwa kilikuwa naye kila mahali bila faida. Bandeji ilipotolewa hakutaka kutazama. Shemeji ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza. Alilitazama kovu kwa utulivu, kama anavyotazama ukuta wa fundi mwenzake, akasema, "Kazi safi. Aliyeshona hapa hakuwa na haraka." Hapo dada alilia, kisha akacheka, kisha akaomba aletewe kioo.

Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole, kama buibui. Mwanzo mkono uliishia usawa wa kifua, na chini ya kwapa kulivuta kama uzi uliokazwa. Kila alipofika alichovya kidole kwenye kopo la rangi ya bluu na kuweka alama ukutani, pale koridoni. Dawa za saratani alizotundikiwa kwa dripu zilimnyonyoa nywele na kumtapisha, lakini alama ziliendelea kupanda kidogo kidogo. Zikafika begani. Zikafika kidevuni. Zikakwama. Siku nyingi alipiga alama juu ya alama, pale pale.

Wakati huo familia iliandaa siku ya kumshukuru Mungu kwa kumalizika kwa dawa. Shemeji, kwa mapenzi na kwa ufundi wake, aliona koridoni kuna madoadoa ya bluu, na wageni wanakuja. Mke alipokuwa kliniki, alipaka ukuta wote, mara mbili, nyeupe safi. Ni fundi rangi peke yake anayeweza kukosea hivyo.

"Nilitaka wageni wakute nyumba safi, mke wangu."

"Ule uchafu ulikuwa mkono wangu," alimjibu, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Shemeji aliketi koridoni hadi chai ya jioni ikapoa. Kesho yake dada alitoka, akasimama mbele ya ukuta mtupu, akaanza tena kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. Vidole vilipanda. Hakujua tena jana vilikomea wapi, basi havikukoma hapo. Vilipita kidevu, vikapita macho, na uso wake ukajikunja kwa maumivu, mpaka vikafika usawa wa paji. Shemeji alikuwa nyuma yake, ameshika kopo la bluu, akamsogezea. Hakuna aliyemsifu kwa kosa lake, lakini alisamehewa siku ile ile.

Aprili 2010 alipanda ngazi tena, kuandika duka la dawa la pale kona. Shemeji alishika ngazi kwa mikono yote miwili. Katikati ya kazi, titi la bandia la kitambaa alilokuwa ameshonewa lilichomoka ndani ya blauzi na kutumbukia kwenye ndoo ya rangi nyeupe.

"Mama," alisema muuza dawa kwa adabu, "kuna kitu kimeanguka."

"Kiite jina lake, mwanangu. Wewe si mtu wa tiba?"

Tangu siku hiyo alifanya kazi bila hilo. Mkono haukurudi wote; ulichoka mapema, na siku nyingine ulivimba. Lakini ulifika juu, naye hakuacha kushukuru kwa hilo. Shukrani hiyo aliipeleka wodini, kwa wanawake waliokuwa wanasubiri zamu yao ya kupasuliwa. Hakuwahubiria. Aliwauliza sufuria zao ziko rafu gani, kisha akaweka mkono ukutani na kuwaonyesha.

Saratani haikurudi. Moyo ndio uliochoka, ukamsumbua kuanzia mwaka jana. Jumamosi tarehe 6 Julai 2024, asubuhi, alifariki nyumbani kwake, mumewe akiwa pembeni. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliotupatia miaka ile yote ambayo hatukuitarajia.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake huyu mmoja anayesoma, na kuta nyingi ambazo bado zinasomeka.

Kuna ombi moja alilotuachia. Alisema wale aliokaa nao wodini wasimlilie sana. Jeneza likishuka, wampungie kwa mkono wa upande ule waliopasuliwa. Nawaona mmesimama pale nyuma. Jamani, inueni. Asiyefika juu asione haya, ainue hapo hapo anapofika. Hata yeye alianzia kifuani.

Nenda salama, dada. Mungu akupokee, upumzike.