Mzee Sajadi, Aliyewalilia Wafu wa Mbali

Wazee shikamooni, na wengine poleni. Mimi ni Athanas Mniko, mwalimu mstaafu na jirani, nasoma wasifu huu kwa niaba ya mjane, Bi Zainabu, na binti yake Sakina, maana wanasema wao wakisoma watalia, na mimi wananiona mkavu.

Marehemu Sajjad Ali, sisi tukimwita Sajadi, alizaliwa Lakhnau, India, tarehe 1 Januari 1912 kwa mujibu wa pasi yake, tarehe ambayo makarani huwagawia wote wasioijua yao. Mwenyewe alisema alizaliwa mvua zikinyesha, na kule Januari hakunyeshi, kwa hiyo kila mtu achague. Alisomeshwa Kiurdu na baba yake, msomaji wa marsia, yaani tungo za kumlilia Imamu Huseni, mjukuu wa Mtume, aliyeuawa Karbala kwa kiu na upanga pamoja na watu wa nyumba yake, na marehemu kabla hajaota ndevu alikuwa anatunga zake.

Mwaka 1935 alishuka Mombasa, mwaka 1939 akaifuata dhahabu hadi hapa Nyakunguru, dhahabu hakuiona, akafungua duka. Mwaka 1941 alifunga ndoa na Bi Zainabu mjini Musoma, wakajaliwa Sakina, na Bakiri aliyepo Kisumu. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, duka likawa la kijiji na marehemu akateuliwa kuwa muuzaji, akabaki nyuma ya meza ile ile, akiuza chumvi ile ile, ila sasa kwa niaba yetu sote, na chumvi ilipokwisha tulimlaumu yeye kama zamani.

Marsia alikuwa akienda kuisomea Musoma kwa Washia wenzake, kila mwaka siku aliyouawa Huseni, na wenzake hao walipohama, mwezi Machi 1970, akaanza kuisomea nyumbani. Mama Bhoke, jirani yake wa ukutani, alisikia kilio, na kwetu Wakurya kilio hakiulizwi, kinafuatwa, akaja na wanawake wenzake, kuni na unga wa mtama, wakalia mpaka jua likazama, ndipo akauliza amekufa nani. Alipoelezwa kwamba ni watu waliouawa miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, alimkemea: “Sajadi, tumekaa na wewe miaka yote hii, una msiba mkubwa hivi, na hukutuita?” Tangu hapo aliitwa kila mwaka.

Mzee Nyangwine, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye ameniruhusu kulisema hili, alipata taabu, maana mkusanyiko bila kibali uliruhusiwa kwa msiba tu, na msiba lazima uwe na marehemu, akataarifu ofisi kwamba amefariki Huseni, mkazi wa mbali. Mwaka uliofuata Huseni alifariki tena, siku kama kumi mapema, kwa kuwa miezi yao haiisubiri kalenda yetu, na mwaka jana alifariki Januari, akafariki tena Desemba, ofisi ikamwita balozi ajieleze. Alijieleza hivi: “Huyu mtu anauawa kila mwaka, halafu mnaniuliza mimi?”

Januari mwaka huu marehemu alianza kuugua, akalazwa Tarime, daktari mmoja akasema moyo, mwingine mapafu, naye hakubishana na yeyote, maana hofu yake ilikuwa nyingine, akamwambia Bi Zainabu: “Nimewalilia wafu wa Karbala maisha yangu yote. Mimi atanisomea nani?” Sakina hakujifunza, Bakiri anajua lakini mpaka wa Sirari umefungwa tangu mwaka jana, na shehe aliyetoka Mwanza ataswalisha, ila Kiurdu hakijui. Swali hilo marehemu aliondoka nalo jana Jumanne, tarehe 11 Aprili 1978, saa tisa alasiri, akiacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Leo asubuhi Mama Bhoke alikuwa jikoni akisonga ugali wa msiba huku akiimba polepole, na Bi Zainabu akatega sikio, kwani ilikuwa marsia, ile aliyoitunga marehemu mwenyewe, beti kwa beti, iliyomwingia kwa kulia naye miaka minane. Maana ya neno hata moja haijui, wala mimi siijui, na kama anakosea sijui vilevile, maana wa kumsahihisha ndiye huyu tunayemzika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tarime kwa majibu yao yote mawili, majirani kwa kuni na unga, wafanyakazi wenzake wa duka la kijiji, na Mzee Nyangwine, ambaye safari hii jina la kupeleka ofisini analo.

Pumzika kwa amani, Mzee Sajadi, kilio chako kimefuatwa. Mama Bhoke, simama usome.