Mama Komeo na Vitufe Alivyovikataa

Leo ni tarehe 30 Juni, mwaka wa ishirini na sita tangu tuondoke kwetu, na mhariri wa tovuti ya jumuiya yetu anastaafu baada ya kuitumikia miaka kumi na tisa. Wengi tunamwita Mama Komeo. Jina hilo alipewa na mwenyekiti kwa hasira. Yeye akalivaa kama kilemba.

Alianzia chumba cha nyuma cha maktaba, dirisha halifungiki, kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga. Humo alichapa harusi, misiba, masomo ya lugha kwa wajukuu wetu, na ule ukurasa wa ndugu waliopotezana unaosomwa kuliko zote: Tunawatafuta.

Sifa yake kuu ni kukataa. Kamati ilipotaka kila ukurasa uwekwe vitufe vya mitandao ya kijamii, matangazo yasambae upesi, alisema hapana. Mweka hazina akamtania: “Shangazi, kitufe ni kengele ya mlango. Usipoibonyeza, hailii.”

“Hii inalia ukipita tu barabarani, mwanangu,” akamjibu, “na anayeisikia si mwenye nyumba.”

Alishindwa kwa kura. Vitufe vikawekwa kwa majaribio. Wiki hiyo mwenyekiti, peke yake ofisini, alisoma makala yetu kuhusu kisukari. Hakubonyeza kitu, hakumwambia mtu. Kikaoni akafungua mtandao wake atuonyeshe picha ya mjukuu. Kabla ya mjukuu yakatangulia matangazo ya viatu vya wagonjwa wa kisukari, jozi kwa jozi. Mkewe, aliyekuwa akimimina chai, akauliza, “Baba watoto, hivi ni vya nani?” Mwenyekiti akakiri yote hapo hapo, na sisi, Mungu atusamehe, tukacheka.

Mama Komeo hakucheka. Aliuliza: ikiwa kupitia vitufe hivi, bila kubonyezwa, muuza viatu amemjua msomaji wetu, nani atamjua yule mama aliyebaki kule, anayefungua Tunawatafuta kwa kujificha, aone kama mwanawe yu hai? Wapo kule wanaomlipizia mtu kisasi kwa kosa la kusoma tu. Hakuna aliyemaliza chai yake. Vitufe viliondolewa kabla kikao hakijafungwa.

Hasara tuliipata. Mfadhili mmoja alituaga, na vijana wanatuita washamba. Na iwe hivyo. Mwenye haja ya kusambaza tangazo atanakili anwani kwa mkono wake, kwa hiari yake.

Sasa nasikia wapo wanaosubiri kiti kipoe ili vitufe virudi. Tuwaambie mapema: wasije. Yule mama bado anasoma, na sisi tumeshajifunza kusema hapana.

Asante, Mama Komeo, kwa ukaidi wako wote. Upate usingizi mnono, macho yenye nuru, na wajukuu wanaobisha kwa hoja. Kamati imemwomba abaki kama mshauri. Amekabidhi funguo na nywila, akasema kulinda mlango sasa ni zamu yetu. Hatarudi.