Historia ya Marehemu Damas Ngollo, Aliyetega Radi

Ndugu waombolezaji, historia hii nimeiandika mimi mkewe, Tekla, na anayewasomea ni shemeji yangu Alois, nimemwomba asiruke neno.

Marehemu alizaliwa Ziba tarehe 12 Machi 1938, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, mwaka 1955, na tangu hapo hakukubali kwamba yuko mtu aliyesoma kumzidi. Mwaka 1956 alianza ufundi baiskeli mtaa wa Mtendeni mjini, kazi aliyoiweza, ila wateja walisubiri huku akiwathibitishia kwamba dunia haizunguki, kwani ingezunguka baiskeli zilizoegemezwa ukutani zingeanguka. Tulifunga ndoa tarehe 8 Juni 1963, tukajaliwa watoto watano, ambao nimewalea mimi.

Mwaka 1974 tulihamia kijiji hiki cha ujamaa, Kwihara, mafuta ya taa yakapanda bei, naye akapata la kusema kila mkutano. Agosti mwaka huu lilipokuja gari la sinema, ninyi mlitazama filamu ya kilimo cha pamba, yeye akatazama jenereta, akatangaza kuwa ile ni kelele ya kuwahadaa wakulima, umeme halisi uko mawinguni, radi ni umeme uliokosa waya, na taifa linalojitegemea litautega lenyewe. Mlimpigia makofi. Wengine mlimbebea bomba la chuma, akalisimamisha juu ya paa, akaliunga kwa waya na betri kuukuu ya lori.

Marehemu hakuugua. Jumanne tarehe 9 Desemba 1975, sikukuu ya Uhuru, mvua ikinyesha, waya ulichomoka, akapanda kuushika, nikampigia kelele ashuke, akanijibu, “Mama Apolinaria, baki na kibatari chako!” Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Tangu juzi nasikia hapa msibani kwamba radi ilitumwa na jirani yetu Bi Mwamvita, kwa kuwa aligombana na marehemu juu ya bomba hilo, na kwamba tukitoka makaburini vijana watamfukuza kijijini. Aligombana naye kwa sababu ana akili. Radi ile haikutumwa, iliitwa, na waliobeba chuma cha kuiitia wamekaa hapa wakila ugali wangu.

Familia inamshukuru mganga wa zahanati aliyekuja kwa miguu, mafundi wenzake wa Mtendeni waliochonga jeneza, na Bi Mwamvita, aliyekimbia mvuani kumfunika Damas wakati ninyi mmejifungia ndani. Leo Bi Mwamvita atalala kwangu, na anayemtaka aanze na mimi.

Damas, pumzika kwa amani, huko uliko hapana wa kukubishia.