Bernadina Mageni na Wajawazito Waliochanjwa Ndui

Ndugu waombolezaji, dada yetu Bernadina Mageni ameondoka bila kujua kwa nini mtoto wake wa pekee alizaliwa amekufa, tarehe 9 Septemba 1946, muda mfupi baada ya yeye kuchanjwa ndui akiwa mjamzito, kisha kuugua malaria; kama ni chanjo au ni malaria, nasi pia hatujui.

Alizaliwa hapa Kharumwa tarehe 3 Mei 1914, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza ukunga Shinyanga, na tarehe 18 Julai 1939 akafunga ndoa na Donatus Jilala, ambaye baadaye alikwenda mgodini Geita, akawa anarudi kwa nadra, kisha hakurudi tena, wala Bernadina hakuruhusu mtu amseme vibaya.

Ndui ilipoingia vijijini mwaka 1950, alipewa kazi ya kufuatilia wajawazito waliochanjwa, ikaanza kwa kwenda kombo, kwa kuwa wachanjaji waliuliza mbele ya foleni nzima nani ana mimba, na kwetu mimba haitangazwi hadharani, hivyo wote wakakana, na jirani yake Nyamizi akamcheka, "Mayu, mama yangu, hata mume wangu sijamwambia, nimwambie karani wa chanjo?"

Tangu hapo aliuliza faraghani, jikoni na kisimani, akarudi peke yake kwa miguu kuwatazama watoto waliozaliwa, na waliofiwa na vichanga wakamfungia mlango wakidhani amekuja kuwalaumu, naye akakaa kidogo uani, akaondoka. Aliona watoto wengi wazima, wachache waliofariki, na wajawazito waliokosa chanjo wakazikwa na mimba zao, lakini swali la mwanawe halikupata jibu.

Aliugua uvimbe wa tumbo Januari 1958, akafariki juzi, tarehe 21 Agosti. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Shinyanga, wakunga wenzake, na majirani waliomchotea maji.

Akiwa kitandani alikubaliana na daktari kwamba mjamzito aulizwe faraghani na mwanamke mwenzake, ndui ikiwa karibu achanjwe siku hiyohiyo, ikiwa mbali asubiri ajifungue. Alfajiri ya leo habari ilifika kwamba upande wa Katoro kuna mjamzito ambaye mumewe ameshikwa na ndui, na Klara, binti wa kaka yake, mkunga, amekwenda kumchanja, ndiyo maana hamumwoni hapa kaburini.

Pumzika, Bernadina, umetembea vya kutosha.