Wasifu wa Fundi Spika, Aliyeitwa Mkanamungu

Marehemu mume wangu, mliyemjua kama Fundi Spika, ametendewa ubaya akiwa hawezi tena kujibu. Juzi, mbele ya wafiwa wote, kaka yake, ambaye ndiye msimamizi wa makaburi ya ukoo, alimwita mkanamungu na kumnyima nafasi iliyo wazi kando ya kaburi la binti yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mama yake. Alikuwa mwepesi darasani. Baba yao alipofariki mwaka 1975, aliacha shule akaingia kazini ili kaka yake aendelee kusoma. Nadhani huko ndiko shemeji yangu alikojifunza maneno makubwa. Mimi sikusoma, lakini hili nalijua: mkanamungu ni mtu asiyeamini kwamba Mungu yupo. Basi. Si mlevi, si mwongo, si mwenye kumpiga mkewe. Hao nimewaona, na wanasali.

Alijifunza ufundi wa redio, na kwa miaka thelathini alitengeneza vipaza sauti vya nyumba za ibada za mji mzima. Siku moja alikuwa akijaribu maikrofoni, "moja, mbili, moja, mbili," mzee wa ibada akamkemea: "Fundi, si useme 'Mungu ni mwema' basi?"

"Mzee wangu, nikisema nisichokiamini, nitajuaje kinachokwaruza ni spika au ni mimi?"

Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti. Kesho yake alimletea spika nyingine.

Tulioana tarehe 12 Agosti 1989. Nilipokuwa nikisali, alipunguza sauti ya redio mpaka nimalize. Wapo wanaosema aliacha kuamini binti yetu alipofariki kwa homa mwaka 2001. Si kweli. Nilimkuta hivyo hivyo. Kila Jumapili sisi tukiwa ibadani, yeye alikuwa makaburini akimng'olea mtoto magugu.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Kaka yake alikuja wodini, nami nikiwapo.

"Mdogo wangu, sema tu umeamini. Nani atakupima?"

"Nikalale pale kwa uongo, kaka, na mtoto yuko hapo hapo?"

"Basi utalala kule kwenye uzio."

"Acha utani, bwana."

Marehemu alikufa akidhani ni utani. Ilikuwa tarehe 9 Juni mwaka huu, asubuhi, nikimlowesha midomo kwa pamba.

Ameacha mjane, mwana mmoja dereva wa lori, wajukuu wawili na kaka mmoja. Kaburi limechimbwa kwenye uzio, na pale kando ya binti yetu nyasi hazijaguswa. Sijui jeneza likitoka hapa uani litageuziwa upande gani, na kila anayeninong'oneza "vumilia" ananizidishia hofu. Nimewauliza wachimbaji. Wanasema wakiambiwa sasa hivi, wanawahi.

Shemeji yangu hakusema uongo. Alichukua neno la kweli akalifanya tusi. Ana deni la kulisema tena mbele ya watu hawa hawa, kwa maana yake tu, kisha awaruhusu wachimbaji.

Apumzike kwa amani kando ya mwanawe. Wa kuliruhusu hilo ameketi mstari wa mbele.