Waithera wa Irungu na Tarehe Saba Agosti

Wachungaji, jamaa, majirani wa Buruburu na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, mimi ni Ndirangu, kitinda mimba wa kwetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, Waithera wa Irungu, kama yalivyokuwa, pamoja na yale yaliyomtia hofu.

Marehemu alizaliwa tarehe 7 Agosti 1959 hapa Nairobi, mtaani Makadara, akasoma shule ya msingi papo hapo mtaani hadi mwaka 1973, kisha akajifunza ushonaji, na kuanzia 1979 akawa fundi wa sare za shule katika duka moja kando ya Jogoo Road, akifanya kazi na Bwana Mbaluka, ambaye tuko naye hapa, hadi alipostaafu. Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Bwana Irungu, karani wa bima, wakahamia Buruburu, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Njambi, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1988.

Asubuhi ya Ijumaa, 7 Agosti 1998, Irungu alitaka kuomba ruhusa asiende kazini ili washerehekee siku ya mkewe, naye akamwambia, "Nenda tu, Baba Njambi, keki tutakata jioni." Asubuhi hiyohiyo bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya jiji, karibu na ofisi ya Irungu, kishindo kikafika hadi dukani Makadara, na dada akatoka mbio bila kuaga, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaifuata Jogoo Road kwa miguu hadi mjini, akatafuta wodi baada ya wodi, akamtambua mumewe kwa shati alilomshonea mwenyewe, kwa maana uso ulikuwa umefungwa bandeji. Irungu alikuwa amesikia mlio mdogo wa kwanza, akasimama dirishani na wenzake waone kuna nini, na vioo vikamtoa macho yote mawili.

Tangu siku hiyo dada aliiogopa tarehe yake ya kuzaliwa. Mumewe alimwambia mara nyingi, "Ni bomu lililonitoa macho, Waithera, si tarehe," naye akaanza kuituliza hofu hiyo, na pengine ingeisha, lakini alfajiri ya 7 Agosti 2013 uwanja wa ndege ukashika moto, Njambi akiwa zamuni katika mkahawa wa huko, simu yake haipatikani. Njambi alirudi nyumbani mchana, mzima, ananuka moshi, na mama yake akampapasa macho kwa vidole, jicho moja kisha la pili, akaketi chini mlangoni.

Mwaka uliofuata, tarehe hiyo ilipofika, alifunga mlango na kuficha ufunguo, hakuwasha gesi, wakanywa chai ya thamosi iliyopikwa jana yake, na asubuhi hiyo ndipo Njambi, aliyekuwa mjamzito na bado hajafikisha siku zake, akashikwa na uchungu.

"Vumilia hadi kesho, mwanangu, tafadhali, kesho tu."

"Mami, huyu mtoto hangoji kesho! Fungua!"

Jirani yao Mama Sirad, mwenye duka la vitambaa Eastleigh, alisikia kelele akaja kugonga, na dada akabaki amesimama katikati ya sebule, ufunguo mkononi, hawezi kwenda mbele wala nyuma, mpaka Irungu alipoufuata mkono wake kwa kupapasa, akamfungua vidole kimoja kimoja, akampa Mama Sirad ufunguo kupitia dirishani. Mtoto alizaliwa siku hiyo, 7 Agosti 2014, akiwa kimya, na wauguzi walimhangaikia kwa muda kabla hajalia. Huyo ndiye Tiffany, mjukuu wake wa pekee, ambaye miaka yote amekatiwa keki tarehe nane bila kuambiwa sababu.

Mwezi Februari mwaka jana dada aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa akiwa nyumbani, na tarehe 29 Julai mwaka huu akalazwa. Kila asubuhi aliuliza leo ni tarehe ngapi. Tarehe sita alimshika Daktari Deeqa mkono akamwambia, "Nivushe kesho, daktari. Si kwa ajili yangu. Kuna mtoto." Daktari alijitahidi kwa kila njia, nasi tulikuwepo tukaona, lakini Alhamisi, 7 Agosti 2025, saa kumi jioni, dada alikata roho, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Baadhi ya jamaa waliomba tuandike tarehe nane msalabani, ili kumwepusha mtoto. Irungu alikataa, akamwita Tiffany, akamweleza yote niliyowasomea.

Mtoto akamuuliza babu yake juu ya nyanya yake, "Shosho aliogopa?"

"Aliogopa sana."

"Mimi pia sasa naogopa, Guka."

"Hata mimi. Tarehe hiyo ikifika mwakani, uje unishike mkono, tutoke nje pamoja."

Tiffany akasema, "Basi andikeni saba. Sitaki Shosho aandikiwe uongo."

Familia inamshukuru Daktari Deeqa na wauguzi wote, Mama Sirad aliyetulisha wiki nzima, Bwana Mbaluka na mafundi wenzake walioshona nguo aliyovikwa leo, na kila jirani aliyekesha nasi katika maombi.

Dada Waithera, tarehe imepita, na mtoto yuko hapa, mzima. Usiogope tena. Pumzika, dada, kwa amani ya Mungu.