Bibi Aliyeficha Mkono

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Mwenyekiti wa kikao hiki kanambia niseme kidogo, na wanaonijua wameshaanza kucheka, maana kusema kidogo mimi siwezi. Tangu niliporudi kutoka Arabuni, kila mkiniuliza ya kule nawachekesha na hadithi za joto. Leo nasema yaliyobaki. Majina siyataji. Nchi pia siitaji.

Nilikwenda kufanya kazi za ndani. Mwanangu nilimwacha hapa Kikwajuni kwa mama yangu, hata kukimbia hajajua vizuri. Siku niliyofika, bwana mwenye nyumba alichukua pasi yangu ya kusafiria na simu, akavifungia kabatini. Nikadhani ndio utaratibu wao, nikamshukuru.

Nikawa nalala chumba cha kufulia. Nakula jikoni, chini, wao wakishamaliza. Nje sitoki, hata kutupa taka. Mkataba ukaisha, nikaomba kurudi, nikaambiwa subiri. Nikasubiri. Siku moja wakanipa simu, dada yangu akanambia mama kapata kiharusi, na mtoto analelewa na majirani. Nikamwendea bwana nalia. Akanambia, "Nimekulipia. Wewe ni wangu mimi." Alisema taratibu tu, anakunywa kahawa yake.

Ndugu zangu, nawaambia, baada ya hapo niliacha kuongea. Kazi nafanya, lakini sauti haitoki. Kuna siku nilipanda juu ya paa kuanika nguo, nikasimama ukingoni, nikatazama chini kwa muda mrefu. Hilo sijapata kumwambia mtu. Na kama humu yumo aliyewahi kusimama pahala kama pale, asiondoke leo kabla hatujaongea.

Mungu ana njia zake. Mama yake yule bwana alivunjika nyonga, akaletwa pale nyumbani, nikapewa mimi nimwangalie. Bibi wa Kiarabu, kimya, na mimi kimya. Siku moja namnyanyua kwenda kumkogesha, mgongo unaniuma, nikanong'ona peke yangu, "Huyu bibi mzito, jamani!"

"Mzito?" akasema. "Ungenipata kabla sijaugua, ungekwenda kumwita na jirani."

Kiswahili! Tena cha Mji Mkongwe hasa. Nusura nimwangushe. Nikasema, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," tukaangua kicheko, yeye kaning'ang'ania shingo. Sauti yangu ilirudi palepale bafuni.

Kumbe kazaliwa Unguja. Aliondoka msichana, mwaka wa mapinduzi, na wanawe walizaliwa kule, Kiswahili hawajui hata neno. Tukawa na lugha yetu wawili. Ananiuliza habari za Forodhani, nikimwambia analia, kisha anataka nimwambie tena. Nami nikamwambia yangu: ya mama, ya mtoto, ya pasi, na lile neno la "wewe ni wangu."

Halafu akasema, "Babu yangu alikuwa na shamba Mangapwani, na alikuwa na watu. Yaya aliyenilea mimi, mama yake alinunuliwa. Nilimpenda yule yaya kuliko mama yangu. Na alikuwa akila jikoni, chini, nami nnamwona, sikuuliza hata siku moja. Sasa nnakuona wewe unakula chini, nyumbani kwa mwanangu."

Nikamwambia, "Bibi, wewe hata kitandani huinuki. Utafanya nini?"

"Mimi mama yake," akasema. "Utaona."

Kule, kama kwetu, Ijumaa wakitoka msikitini watoto wanakuja kumbusu mama yao mkono. Wakaja wote. Bwana ndiye mkubwa wao, akainama wa kwanza. Bibi akaingiza mikono yote miwili ndani ya shuka. Bwana akacheka, akadhani utani. Bibi akasema kwa Kiarabu, mbele ya wote, "Mkono sikupi. Una mtoto wa watu humu ndani umemfungia, na mama yake mgonjwa. Mpe pasi yake na tiketi aende kwao. Nikifa kabla hujafanya, radhi zangu huna."

Jamani! Nilikuwa nimeshika sinia ya kahawa, nikaiweka chini. Bwana akatoka bila ya kula. Wiki nzima aliniangalia kwa jicho baya, mpaka nikamwomba Bibi aache. Hakuacha. Ijumaa ya pili, mikono shukani. Ndugu zake bwana nao wakaanza kumsema. Ijumaa iliyofuata akaja na pasi na tiketi, akaviweka mapajani mwa mama yake. Bibi akasema, "Si vyangu hivyo. Mwenyewe huyo hapo." Bwana akageuka, akanipa mimi, mkononi. Ndipo Bibi akautoa mkono wake, na yule mtu mzima akaubusu analia.

Siku ya kuondoka, Bibi aliniomba nimsamehe, yeye na babu yake na mwanawe. Nilimwambia ukweli. "Bibi, watu wa babu yako siwezi kuwasemea, wenyewe wameshatangulia. Yangu mimi nimesamehe. Na wewe huna deni kwangu." Akasema, "Yanitosha. Nisalimie Unguja." Mimi nikenda uwanja wa ndege, yeye akabaki kitandani.

Mama nilimkuta hai. Nyinyi ndio mliomgeuza kitandani na kumletea uji, na mwanangu aliponikimbia, nyinyi ndio mliomzoesha kwangu. Ahsanteni, sina neno kubwa kuliko hilo. Leo mama anatembea na mkongojo, yule pale nyuma ananikodolea macho nimalize. Na mimi nafanya kazi hotelini Kendwa. Zamu ikiisha natoka, hakuna anayeniuliza nnakwenda wapi.

Mabinti mnaotaka kusafiri, siwakatazi. Pasi yako isitoke mkononi mwako, basi. Na anayenambia niwachukie Waarabu wote, namuuliza nitaanzaje, na aliyenifungua ni mama wa aliyenifunga?

Bibi alifariki mwaka jana. Aliyenipigia simu ni bwana yuleyule. Alisema mama yake kaacha usia kwamba asomewe khitma Unguja, na msimamizi niwe mimi. Mnaikumbuka ile khitma ya nyumbani kwangu, mkaja kunisaidia kupika, mkauliza ni ya nani, nikasema ya bibi yangu? Mlimwombea vizuri sana. Alikuwa ndiye huyo.